Mahindi Marefu ya Kaluki

Alhamisi, 1 Oktoba 1987

Leo mwethya wetu wa kusaidiana kazi ulikuwa shambani kwangu. Akina mama wote wa kikundi walifika na majembe, tukamaliza ule mtaro wa juu uliobomolewa na maji ya Aprili. Kaluki alituongoza kwa wimbo kama kawaida yake. Yeye akiimba, hata mawe yanakuwa mepesi. Wengine walipoondoka alibaki kunisaidia kuosha sufuria. Huyu ndiye aliyempokea kitinda mimba wangu kando ya barabara ya Matiliku, siku tulipokimbilia zahanati na zahanati ikawa mbali. Alimfunga kwa kitambaa chake cha kichwa. Tangu siku hiyo sina dada mwingine.

Shamba liko tayari. Mbegu iko ghalani, ile niliyoichagua mwenyewe mwaka jana, hindi kwa hindi, na kuipaka jivu. Kazi iliyobaki ni ya Mungu.

Jumapili, 4 Oktoba

Baada ya ibada hatukutawanyika. Nje kulikuwa na pikapu nyeupe yenye kipaza sauti, na kijana nadhifu aliyevaa suti ya Kaunda. Jina lake Muthama, ametoka Machakos, anauza mbegu. Kaluki ndiye aliyemwalika. Nilimwona akimwekea meza na kuitandika.

Muthama aliinua hindi moja, refu kama mkono wa mtoto kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, punje zimejaa mpaka nchani. Akalipitisha kwa watu. Kila mmoja alitaka kulishika. Mimi nililipima kwa kiganja, nikaligeuza, nikalinusa, halafu nikajicheka kwa kunusa hindi kama mtu anayenunua samaki.

Kisha akatoa pakiti. Zina picha ya shamba la kijani lisilo na mwisho, na mama mnene anacheka katikati yake. Anayechukua pakiti mbili anapewa leso bure. Mke wa mchungaji alichukua wa kwanza, akajitanda leso yake pale pale mbele yetu. Baada ya hapo watu walianza kusukumana. Muthama alisema gari litaondoka saa nane na hajui atarudi lini, na aliposema hivyo hata waliokuwa wameanza kwenda nyumbani waligeuka.

Nzuki, yule mjane wa kule karibu na mto, alisimama kando amejikumbatia mikono. Hakuwa na cha kununulia. Tulimhurumia.

Mimi sikununua. Nilitaka kwanza nifikirie. Lakini nilirudi nyumbani mikono mitupu nikajiona kama mtu aliyetoka harusini bila kula.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimeenda sokoni Matiliku kununua chumvi na mafuta ya taa, nikapita kwa Mbugua. Huyu ni mtu wa Murang'a, ana duka hapa miaka mingi, lakini bado tunamwita mgeni. Nilimwuliza kama amesikia habari za mbegu ya Muthama. Akasema amezisikia, na mbegu hiyo anaijua.

"Kwetu tunaipanda mwezi wa tatu, tunavuna wa nane, wa tisa," akaniambia. "Kwetu kuna mvua na baridi. Hapa mvua yenu inaisha kabla ya Krismasi. Yatakuwa marefu, mama, lakini hayatazaa."

Nikamwuliza nipande nini basi. Akanionyesha kwa kidole gunia la Katumani lililokuwa wazi mbele ya kaunta yake, mbegu fupi ya siku zote, haina picha wala leso.

Hapo nikamwelewa, au nilidhani nimemwelewa. Mtu ambaye ana gunia la kuuza atasema nini kuhusu mbegu ya mwenzake? Nikamshukuru, nikachukua chumvi yangu. Njiani nilikuwa nikijipongeza kwa kutodanganyika.

Alhamisi, 8 Oktoba

Kaluki amekuja na pakiti za mwisho ndani ya kiondo. Alisema amewafukuza watu wawili mlangoni kwake kwa sababu aliniwekea mimi. Nikamweleza maneno ya Mbugua. Hakukasirika. Alicheka taratibu, akasema mwenye duka huwa hasifu chakula ambacho hakukipika.

Nikamwuliza wazi, "Na wewe utaipanda?"

"Nitaipanda pale kando ya barabara," akasema, "kila mtu apite aione."

Mama mkwe wangu Kalondu alikuwa ameketi mlangoni akipepeta kunde. Nilidhani atapinga, kwa kuwa yeye hupinga kila kitu kipya, hata kiberiti cha kisanduku kingine. Lakini aliuliza kama leso bado zipo. Kaluki akaitoa, ya rangi ya machungwa yenye maua meusi, akamfunika nayo mabegani. Mama mkwe akaipapasa. Kisha akasema alikula mizizi wakati wa njaa ile ya Nikw'a Ngwete, watu wakifa na pesa zao mkononi kwa kukosa chakula cha kununua, na kama kuna hindi kubwa kama mkono duniani yeye anataka kuliona kwenye ghala la mwanawe kabla hajafa.

Nimenunua pakiti nne. Nilitumia ile akiba aliyoniachia mume wangu Mutie ya kurekebisha paa la jikoni. Yeye yuko Voi kwenye reli, hatajua mpaka Krismasi, na Krismasi atakuta mahindi.

Jumatatu, 12 Oktoba

Tumeikoboa ile mbegu ya zamani ghalani, tukapika muthokoi. Mwethya ulikuwa kwangu tena, na nilitaka kuwakirimu. Kaluki alikula sahani mbili. Akasema muthokoi wa mbegu iliyochaguliwa una utamu wake.

Jumamosi, 17 Oktoba

Tumepanda. Udongo ni mkavu, lakini mawingu yanajikusanya upande wa Kitui.

Jumatatu, 19 Oktoba

Mvua! Imenyesha usiku kucha. Paa la jikoni linavuja, sijali.

Jumatano, 28 Oktoba

Mbegu imeota yote. Sijapata kuona kitu kama hiki. Hakuna shimo lililokosa mche. Mbegu yetu ya zamani ilikuwa ikiota hapa na kule, kama meno ya mzee. Nimempeleka mama mkwe shambani, akatembea katikati ya mistari na leso yake mabegani.

Jumapili, 1 Novemba

Kanisani mazungumzo yote ni mahindi. Leso zote za machungwa zilikaa upande mmoja bila mtu kupanga. Sisi tulionunua tumekuwa kama ukoo.

Jumamosi, 14 Novemba

Tumepalilia. Mvua ni nzuri. Mahindi yamenifika kiunoni, majani mapana, ya kijani kilichoiva hadi kikawa cheusi. Watu wanaopita njiani wanasimama kusalimia, lakini macho yao yako shambani. Nilipokwenda dukani kwa Mbugua nilimweleza kwa sauti, wateja wengine wakisikia. Alinipimia sukari yangu tu, akasema, "Ni vizuri, mama."

Nilifurahi kwamba hana la kusema.

Jumanne, 24 Novemba

Lori limeleta tangi la mabati kwa Kaluki. Ni tangi la kweli, la kukinga maji ya paa, refu kuliko nyumba yangu. Tulikimbia sote kulishusha. Tuliimba, tukalizunguka, tukapiga vigelegele. Kaluki alisema ni zawadi ya kaka yake wa Nairobi. Nilimshika mkono nikalia kidogo kwa furaha. Hatachota tena maji mtoni mgongo ukipinda, na ni nani anayestahili zaidi yake?

Ijumaa, 4 Desemba

Manyunyu tu, hata vumbi halikulala.

Alhamisi, 10 Desemba

Hakuna mvua. Mahindi yamenipita kimo. Nikiingia shambani sionekani. Nimetafuta mbelewele, hakuna. Ni majani tu, yanasuguana kwa upepo.

Jumamosi, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Nikitoka uwanjani nilipita kwa Nzuki kumjulia hali. Mahindi yake ni mafupi, yananifika kifuani, na mashina ni membamba, lakini yametoa mbelewele zote na ndevu nyekundu kwenye kila shina. Alipanda mabaki ya ghala lake kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Alinikaribisha uji. Sikuweza kuumaliza.

Jumatano, 16 Desemba

Jua. Majani yamejikunja kama sigara.

Jumapili, 20 Desemba

Mchungaji alitangaza maombi ya mvua. Kaluki aliombwa aongoze. Alipiga magoti sakafuni, akaomba mpaka sauti ikamkauka, akamwambia Mungu aangalie jasho la wajane na akina mama wa mahali hapa. Wanawake walilia. Mimi nililia. Tulipotoka nje nilimwambia kwamba shamba lake la barabarani linaniuma kuliko langu, maana limekauka zaidi. Akaninyooshea kola ya gauni, akasema tumtumaini Bwana.

Ijumaa, 25 Desemba

Mutie alifika jana. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumweleza, sikuyahitaji. Alipita kando ya shamba kabla ya kufika mlangoni. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Marefu kweli." Kisha akafungua sanduku, akatoa chupa ya chai ya Kijapani yenye maua mekundu, inayotunza joto mpaka asubuhi. Kila mtu kazini Voi amenunua moja, alisema. Nikamwuliza chai itatoka wapi na maziwa yatatoka wapi. Tukatazamana, halafu tukacheka, kicheko kibaya. Tumekunywa maji ya moto kutoka humo. Ni kweli, yalikuwa ya moto.

Jumatano, 30 Desemba

Sijui nianzie wapi. Naanza na maji.

Visima vyetu vya mchangani vimeshuka sana, ukichimba unapata tope. Watu walisema ng'ambo ya mto, chini kidogo, maji bado yapo karibu. Nimekwenda na punda asubuhi. Upande ule siujui vizuri. Ni ardhi ya kina Kaluki, alikozaliwa, na tangu baba yake afe nilidhani imebaki vichaka.

Sikukuta vichaka. Nilipanda kingo nikakuta shamba kubwa, limetengenezwa mitaro safi. Mahindi mafupi, majani ya chini yamekauka yanavyotakiwa kukauka, na kila shina lina hindi, mengine mawili. Yako tayari kuchomwa. Nilisimama nikashukuru. Kweli nilishukuru. Nilisema moyoni kwamba huyu mtu, yeyote yule, amebarikiwa, na nikatazama kushoto na kulia nimwombe mahindi kidogo ya watoto.

Kaluki alitoka katikati ya mistari na kiondo kimejaa.

Alisimama. Mimi nilisimama. Punda aliendelea kula ukingoni, hakuna aliyemfukuza. Nilifikiri kwanza kwamba amekuja kumsaidia mtu. Nilimtafutia njia, Mungu ananijua. Nikasema, "Shamba la nani hili?"

"Langu," akasema.

Nikamwuliza ni mbegu gani. Nilijua, hata kipofu angejua, lakini nilitaka aitaje kwa kinywa chake. Akasema ni Katumani. Nikauliza ameinunua wapi. Akasema kwa Mbugua, mwezi wa tisa, kabla Muthama hajaja.

Kwa Mbugua. Aliyeniambia kwamba mwenye duka hasifu chakula ambacho hakukipika.

Nikakaa chini. Alikuja akakaa karibu nami, kama tunavyokaa kwenye mwethya, goti kwa goti. Aliongea kwa muda mrefu, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, ndiyo iliyonitisha. Alisema Muthama alimwambia tangu mwanzo kwamba mbegu hii ni ya nchi ya mvua ndefu, lakini mwaka ukiwa mzuri inaweza kuzaa hata huku. Alisema aliomba mwaka uwe mzuri. Alisema Muthama alimwahidi tangi akimaliza pakiti zote. Hakuna kaka wa Nairobi. Mgongo wake unamwuma tangu mimba ya tatu, alisema, na ningejua maumivu ya kupanda kile kilima na mtungi nisingemhukumu.

"Nilikuuliza kama utaipanda," nikamwambia.

"Na nikaipanda. Kando ya barabara. Sikukudanganya."

"Na huku kote ulipanda hii."

Alitazama mikono yake. "Ningepanda ile kila mahali, Mama Mutunga, watoto wangu wangekula nini?"

Sijui kama alisikia alichosema. Nadhani alisikia baadaye kidogo, maana alianza kutoa mahindi kwenye kiondo na kuyapanga mapajani mwangu, moja moja, haraka haraka, makubwa kwanza. Nikainuka yakaanguka. Nikamfuata punda wangu. Nimerudi na mitungi mitupu, na watoto wameuliza maji yako wapi.

Muthokoi ule wa mbegu yangu. Sahani mbili.

Ijumaa, 1 Januari 1988

Mutie amerudi Voi. Nilimweleza. Anasema alijua kuna kitu siku aliposikia leso ni ya bure. Alijua! Nilipomwandikia Oktoba kwamba wenzangu wananunua mbegu na kupewa leso, alijibu nisiachwe nyuma.

Jumapili, 3 Januari

Baada ya ibada niliwaomba akina mama wa mwethya wabaki. Kaluki alibaki pia. Niliyasema yote yaliyo ng'ambo ya mto, polepole, bila kumtukana. Nilidhani watashtuka kama nilivyoshtuka. Wengine walishtuka. Wawili walianza kulia. Lakini mke wa mchungaji alisema tusilete mafarakano nyumbani mwa Mungu, kwamba Kaluki hakumshika mtu mkono amlazimishe, kila mmoja alinunua kwa macho yake mwenyewe.

Basi nikawauliza kila mmoja, kwa nini alinunua. Sikuuliza kwa ubaya. Nilitaka kujua. Mmoja alisema ni lile hindi, alilishika na mkono wake ukakataa kuliachia. Mwingine alisema leso, akaangalia chini. Mwingine alisema gari lilikuwa linaondoka. Mwingine alisema mke wa mchungaji alinunua, na ikiwa nyumba ya mchungaji inakula basi ni halali. Mke wa mchungaji mwenyewe alisema alipewa zake bila malipo, ili awe wa kwanza. Aliyasema haya kama jambo dogo, hata hakuona tulivyogeuka kumtazama.

Kisha Muthoki, msichana aliyeolewa juzi tu kwenye boma la jirani yangu, akanitazama.

"Mimi nilingoja," akasema. "Nilikuwa nimeweka mbegu yangu. Halafu nikakuona wewe umechukua nne. Nikasema, Mama Mutunga ni mtu wa kupima mambo. Kama amenunua yeye, amekwisha kunipimia na mimi."

Na mimi, nilipimiwa na nani? Nilikwenda dukani, nikauliza, nikaambiwa ukweli kwa Kiswahili chepesi, kisha nikautupa kwa sababu aliyeusema alikuwa na gunia la kuuza. Na yule aliyekuwa na tangi la kupata nikamwamini, kwa sababu alimfunga mwanangu kwa kitambaa chake.

Mwishoni Kaluki alisimama akataka kuanzisha wimbo wa kufunga. Hakuna aliyeupokea. Aliimba mstari mmoja peke yake, akaacha.

Jumanne, 5 Januari

Nimeanza kuyakata. Ng'ombe anayapenda sana.

Jumamosi, 9 Januari

Mbugua amepandisha bei ya unga. Nilimwambia, wewe ulijua tutakosa. Akasema alijua, na alituambia. Nikamwuliza kwa nini hakusema kwa nguvu zaidi, kwa watu wengi zaidi, kama Muthama na kipaza sauti chake.

"Mngesema nini juu yangu?" akauliza.

Tungesema ni wivu wa biashara. Tungesema mtu wa Murang'a hataki sisi Wakamba tupate. Sikumwambia hivyo, alikuwa anajua. Alinipimia unga, bei ile ile mpya, hakunipunguzia hata senti. Wakiuru mke wake ndiye aliyenifungia mzigo vizuri usimwagike. Nimetembea njia nzima nikijaribu kumchukia Mbugua, na sikupata pa kushikilia.

Jumapili, 17 Januari

Kaluki hakuja kanisani. Wanasema anaumwa mgongo. Mguu wangu uligeuka wenyewe kuelekea kwake, nikaurudisha njiani.

Jumatano, 20 Januari

Mwethya haukukutana. Hakuna aliyeuvunja. Ni kwamba tu hakuna aliyekuja.

Jumatatu, 25 Januari

Tumeuza mbuzi, yule mwenye doa. Mama mkwe havai tena leso. Nilidhani ameitupa, nimeikuta imefunika kuku anayelalia mayai.

Jumamosi, 30 Januari

Kaluki amepita njiani na punda wawili, magunia mgongoni mwao. Amevuna. Alipofika mbele ya lango letu alipunguza mwendo. Nilikuwa jikoni. Nilimwona kupitia nafasi ya mlango na sikutoka, na yeye hakubisha. Punda walitangulia, akawafuata.

Alhamisi, 4 Februari

Siku ya soko. Unga uliisha jana na watoto walilala na uji wa mtama. Nimekwenda Matiliku na zile pesa zilizobaki za mbuzi nimezifunga kwenye pindo la leso.

Mahindi yalikuwa mahali pachache. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na rundo kubwa kutoka mbali. Nilitia mkono ndani, ukatoka na vumbi la wadudu. Nzuki alikuwa na kidogo tu, alikuwa amekwisha kuuza kabla sijafika. Mbugua alikuwa na ya kwake kwenye magunia, safi, bei ya juu. Na mwisho wa mstari, chini ya turubai, alikuwa Kaluki na rundo lake.

Sijaona mahindi kama yale msimu huu. Yamekauka barabara, yanalia ukiyamwaga, hayana hata punje moja iliyotobolewa. Bei yake ilikuwa ya chini kuliko wote. Na hapakuwa na mtu mbele yake. Akina mama wa kikundi walikuwa wamejipanga kwa yule wa wadudu. Waliniona nikisimama katikati, wakanisogezea nafasi kwenye mstari wao. Muthoki aliniita kwa mkono.

Nilitaka kwenda kwao. Moyo wangu wote ulikuwa kwao. Ningebeba yale mabovu nyumbani, ningeyachambua mpaka jioni, tungekula nusu na kuku nusu, na ningelala kama mtu aliyelipiza kisasi. Nilisimama pale muda mrefu, watu wakinipita kushoto na kulia. Halafu nilifikiri: msimu huu nimenunua kwa sababu ya mkono uliomshika mtoto wangu, na nimekataa kununua kwa sababu ya kabila la mwenye duka. Nikatembea mpaka mwisho wa mstari.

Kaluki aliponiona nakuja aliinuka, akakaa, akainuka tena. Amekonda. Nikachukua mahindi mkononi, nikayatazama upande wa mwanga, nikauma punje moja. Nilimwuliza bei ingawa nilikuwa nimeisikia. Akaitaja kwa sauti ndogo. Nikamwambia anipimie gorogoro nne.

Alipima. Kila kopo alilijaza mpaka likawa na kilima juu, hakulipitishia mkono kulisawazisha. Akamimina kwenye mfuko wangu. Alipomaliza ya nne alichota kwa viganja vyote viwili, akaniongezea. Akachota tena, akaongeza. Ndivyo tunavyompimia mtu wetu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, mikono yake ilikuwa na kazi.

"Ya watoto," akasema.

Nilimlipa. Nikangoja mpaka alipozifunga pesa kwenye leso. Kisha nikaingiza mikono yangu ndani ya mfuko wa mahindi, nikachota mara mbili kama alivyochota yeye, nikayarudisha juu ya rundo lake. Punje chache ziliteleza zikaanguka mchangani. Niliinama nikaziokota, nikazirudisha nazo.

"Nimenunua," nikamwambia. "Sikuja kupewa."

Nikajitwika mzigo mwenyewe.